TÜV ya karavani Ujerumani: tumepitisha letu, haya ndo maoni yangu

Waswahili wenzangu mlioko Ujerumani mnaowaza kununua karavani la mtumba, kale kanyumba ka kuvutwa nyuma ya gari, au hata katrela kadogo ka kubebea mzigo wa kwenda bandarini Hamburg, hii nawaandikia nyie. Tumetoka kupitisha letu kwenye ukaguzi wa lazima, ule ambao kila mtu anauita TÜV hata kama aliyekagua ni shirika jingine kama DEKRA au GTÜ au KÜS, na msimamo wangu nausema mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma mpaka chini: ni huduma nzuri, hela yake inalipika, na natamani iwe lazima kwa kila trela Ulaya nzima. Ila kuna vitu viwili ukaguzi huu hauvigusi na vyote vinaweza kuua mtu, nitavifikia.

Jina lake rasmi ni Hauptuntersuchung, kwenye makaratasi wanaandika HU tu. Ulikuwa lazima kuanzia mwaka 1951 na ile stika ya duara ya kwenye namba ya nyuma ikaja 1961. Ile tarakimu iliyokaa juu kabisa ya stika ndo mwezi wa kurudi, mwaka uko katikati, na rangi inabadilika mwaka hadi mwaka kwahiyo polisi anajua hali yako akiwa mbali. Katrela kasiko na breki, kale kasikozidi kilo 750, kakiwa kapya kanapewa miaka 3 ya kwanza halafu ndo kila miaka 2. Kuanzia hapo mpaka tani 3 na nusu, na makaravani karibu yote yamo humo, ni kila miaka 2 tangu mwanzo. Likizidi tani 3 na nusu ni kila mwaka. Ukichelewa kupita miezi 2 faini ni euro 15, ukipita miezi 4 ni 25, ukipita miezi 8 ni 60 na pointi moja unaandikiwa kule Flensburg, kwenye ofisi inayotunza pointi za makosa ya madereva, na hata bila polisi kukukamata, ukichelewa zaidi ya miezi 2 mkaguzi anatakiwa akague kwa undani zaidi na bei inapanda asilimia 20.

Kwa wenye namba za msimu, zile unasajili labda mwezi wa nne mpaka wa kumi ili ulipe kidogo, msihangaike. Mwezi wa ukaguzi ukiangukia wakati karavani limelala unaenda ule mwezi ambao msimu wako unafunguka. Kuna dada mmoja aliambiwa akodi gari la kubeba magari apeleke karavani lake Januari kwenye barafu, hakuna haja hiyo.

Sasa letu. Tulilinunua kwa babu mmoja mstaafu, ekseli moja, ndani safi kabisa, mapazia yamefuliwa na kupigwa pasi, nje limeng'arishwa, na tairi ukizitazama si vipara hata kidogo, zinaonekana mpya. Na hapo ndo watu wengi wananunua bila kufikiria zaidi kwasababu tumezoea gari, gari tunalipima kwa kilomita, tairi ikiisha inaisha mistari. Karavani haliishi kwa kutembea jamani, linaishi kwa kusimama. Linakaa miezi tisa kwenye nyasi upande mmoja jua upande mmoja ukungu, uzito wote umelalia sehemu ileile ya tairi, breki zinashika kutu, grisi inakauka, waya za plagi zinaota ule unga wa kijani, halafu siku moja ya mwezi wa saba unalifunga nyuma ya gari likiwa na vyombo na chakula na baiskeli na unaingia nalo barabara kuu na watoto wako kiti cha nyuma. Kwahiyo kitu ambacho hakionekani kwa macho ya mnunuzi ndo kitu cha kwanza mkaguzi anachokitafuta.

Tairi kwa mfano. Pembeni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ukikuta 2314 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2014. Kisheria kwenye HU wanaangalia kina cha mistari kisipungue milimita 1.6 na kama tairi imepasuka au imevimba, umri peke yake hauwezi kukunyima stika. Ila kama karavani lako lina ruhusa ya kwenda kilomita 100 kwa saa, ile stika ya duara ya 100 nyuma, tairi zikipita miaka 6 ruhusa hiyo haifanyi kazi tena na unarudi kwenye 80 kama trela nyingine zote. Wengi hawajui. Wanaona stika ya 100 wanakanyaga. Mkaguzi wetu alinionyesha zile nyufa nyembamba kwenye shavu la tairi, unaikunja mpira kidogo kwa kidole zinafunguka, ukiachia zinajifunga. Tairi hiyo ungeipiga picha ukaiweka kwenye tangazo mtu angesema bado ina miaka mitano.

Huyo mkaguzi nimsifie maana ndo sababu ya kuandika haya yote. Ni mtu mzima, mtaratibu, ana tochi na kifimbo cha chuma cha kugongea. Alianza na namba ya chesisi kulinganisha na kadi ya usajili, akachomeka plagi ya pini 13, akanikalisha kwenye gari niwashe indiketa kushoto, kulia, breki, taa za nyuma, moja moja, yeye yuko nyuma anapiga makelele ya ndiyo au hapana. Akaangalia zile rifrekta nyekundu za pembetatu, nyuma ya trela lazima ziwe pembetatu ili dereva wa nyuma usiku ajue hicho ni kitu kinachovutwa. Akaangalia yale magogo mawili ya kuzuia matairi yasibingirike, kwa karavani zaidi ya kilo 750 ni lazima yawepo na yawe sehemu ya kufikika kwa urahisi, ukiyafungia kabatini chini ya kitanda anakuandikia kasoro. Nyumbani nimepita njia ya Tunduma usiku, nimeona semitrela zimeharibika bila taa hata moja na onyo pekee ni matawi ya miti yamelazwa barabarani, kwahiyo mtu akinung'unika mbele yangu kuhusu rifrekta ya euro chache tunagombana.

Kisha ndo akaenda kwenye shingo, pale karavani linapokamata gari. Hapa alikaa muda mrefu na mi nikafurahi maana ndo roho ya trela. Kile kikombe kinachofunika mpira wa ndoano, lile tufe la chuma nyuma ya gari, kina alama inayoonyesha kimelika kiasi gani, na mpira wenyewe wa gari una kipenyo cha milimita 50, ukilika ukafika 49 unabadilishwa. Kumbuka mpira ni wa gari sio wa karavani, kwahiyo unaweza kuwa na karavani zima kabisa ukalifunga kwenye mpira uliochoka. Akavuta kebo ya dharura, ile nyembamba ya chuma ambayo karavani likichomoka inakaza hendibreki kabla haijakatika, akasema asingependa kuona mtu anaizungusha tu kwenye mpira, ifungwe kwenye tundu lake imara kwenye ndoano kama lipo, kwasababu shingo ikiruka kutoka kwenye mpira na kebo nayo inaweza kuruka hapohapo.

Breki ndo zilitukwamisha. Kwa wasiojua, karavani halina breki ya kuunganishwa na mguu wako. Unakanyaga breki ya gari, gari linapunguza mwendo, karavani bado linakuja na mwendo wake linasukuma mbele, ile fimbo ya kwenye shingo inaingia ndani na inavuta vyuma na kebo mpaka kwenye breki shuu, vile vyuma vinavyobana ngoma ya gurudumu. Mfumo rahisi sana na mzuri sana ukiwa unatunzwa, lakini kila kitu humo ni chuma kinachoteleza ndani ya chuma, kikikauka grisi au kikishika kutu breki inachelewa au inashika upande mmoja. Alipoliweka kwenye roli za kupimia breki, zile silinda zinazozungusha tairi, kulia ikashika vizuri, kushoto ikawa legelege. Fikiria mvua, mteremko, kilo elfu moja na mia kadhaa, na tairi moja tu inashika. Karavani linakunjika pembeni.

Akaniita nishuke kwenye shimo chini, akanimulikia tochi. Kebo ilikuwa nzima ila shuu za kushoto zilikuwa zimeganda kwa kutu, na akanieleza sababu yake kwa lugha rahisi kabisa, watu wanapaki karavani msimu wote wa baridi hendibreki imepandishwa, shuu zinagandamana na ngoma mle ndani. Ukipaki muda mrefu sehemu tambarare weka yale magogo na uishushe hendibreki. Ushauri huo peke yake kwangu ulilipa ada ya siku ile.

Matokeo yanaandikwa kwa ngazi. Kama hamna kasoro au kasoro ni ndogo stika unapewa, ndogo unatakiwa urekebishe mwenyewe bila kuchelewa. Kasoro kubwa, kama yetu, stika hamna, una mwezi mmoja wa kurekebisha na kurudi kuangaliwa hicho kilichoharibika tu, ukipita mwezi unaanza upya na kulipa upya. Juu ya hapo kuna kasoro ya hatari, hiyo unaruhusiwa tu kwenda moja kwa moja nyumbani au gereji. Na ya mwisho kabisa ni pale chombo si salama barabarani, stika ya zamani inabanduliwa palepale mbele yako.

Tukapeleka kwa fundi, akafungua ngoma zote mbili akabadilisha shuu pande zote, tukarudi, mkaguzi yuleyule akaliweka kwenye roli, safari hii sindano mbili za kipimo zinapanda pamoja. Stika. Ukaguzi wenyewe nimelipa chini ya euro 100, bei inatofautiana kwa jimbo na kampuni, na marudio ni hela ndogo. Shuu na kazi ya fundi vilikuwa ghali zaidi ya ukaguzi wote na sijuti hata senti.

Kitu ninachokiheshimu kwenye mfumo huu ni kwamba anayekagua hana spea ya kukuuzia. Uingereza gereji inayokagua gari lako inaweza kuwa ileile itakayolitengeneza. Hapa mkaguzi hata akija kukagua ndani ya gereji ya mtu, na wanafanya hivyo siku maalum kwenye gereji nyingi, yeye ni wa shirika jingine. Na hili wana historia nalo, mashirika ya TÜV hayakuanza na magari, yalianza na maboila ya mvuke. Maboila yalikuwa yanalipuka viwandani yanaua watu, lilipolipuka moja kwenye kiwanda cha bia Mannheim mwaka 1865, mwaka uliofuata wenye viwanda wakaunda chama chao cha kukaguliana na mtu huru. Ndo wazo hilohilo mpaka leo, anayekuambia kimeoza hapati faida kikioza wala kisipooza.

Sasa lawama. Kituo chenyewe sikitaji. Dirishani huduma ilikuwa ya haraka haraka mno, dada wa pale akisikia lafudhi anaongeza sauti badala ya kupunguza kasi, na miadi wanachukua kwa simu tu. Hawakutuambia urefu wa mlango. Karavani la kawaida linakaribia mita 2 na sentimita 60 kwenda juu, ukiweka na kiyoyozi au antena ndo zaidi, na kuna vituo mlango wake ni wa magari madogo, kwahiyo uliza kabla, uliza pia kama kuna nafasi ya kugeuza maana kurudi nyuma na karavani kwenye yadi iliyojaa magari ya watu ni mtihani mwingine. Na ile ripoti wanayokupa imejaa vifupisho, kwa mgeni wa lugha haisomeki. Mwambie mkaguzi akuonyeshe kwa kidole, wetu alifanya hivyo bila kuombwa.

Haya, vile vitu viwili. Cha kwanza ni gesi. Mtu anaona stika mpya anadhani karavani zima limekaguliwa, jiko, hita, friji, mitungi. Hapana. Gesi ina ukaguzi wake pembeni, na kuanzia tarehe 19 Juni 2025 umekuwa lazima kisheria kila miaka 2, una cheti chake na stika yake, lakini haujafungwa na HU. Unaweza kutoka pale na stika inang'aa huku mpira wa gesi umechoka kabisa. Regyuleta na mipira ya gesi inabadilishwa ikifika miaka 10, tarehe imeandikwa juu yake, fungua kile kisanduku cha mitungi mbele uisome kabla hujamlipa anayekuuzia. Anayekagua gesi anajaza hewa ya shinikizo kwenye bomba, anafunga, anatazama kama sindano inashuka, halafu anawasha kila kifaa kimoja kimoja aone moto na njia ya moshi. Mi naomba sana, kama mnalala na watoto mle ndani, fanyeni hii na mnunue kile kipima hewa ya sumu ya moto, kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, unalala huamki. Kama ningekuwa na mamlaka ningeunganisha vyote siku moja, bila cheti cha gesi stika ya karavani haitoki.

Cha pili ni mzigo. HU inakagua karavani likiwa tupu, siku hiyo, pale. Hakuna anayekupimia uzito siku ya safari. Na karavani lina nafasi ndogo ya mzigo kuliko watu wanavyofikiri, toa uzito wake kwenye uzito wa juu ulioandikwa kwenye kadi ndo ujue umebakiwa na kilo ngapi, hema la mbele peke yake na maji na mitungi vinamaliza sehemu kubwa. Mbaya zaidi ni mpangilio. Vizito viwekwe chini, juu ya ekseli. Ukifunga baiskeli nyuma kabisa na mbele pakawa pepesi, shingo haikandamizi vizuri kwenye mpira na karavani linaanza kuyumba kama mkia wa mbwa, na likishaanza hulitulizi kwa kuongeza mwendo, unaachia mafuta na kuushika usukani imara. Uzito unaotakiwa kukandamiza pale kwenye mpira umeandikwa kwenye ndoano na kwenye shingo, chukua kile kidogo kati ya hivyo viwili kama kikomo chako. Kuna mizani ndogo ya kupimia, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kambi, nunua.

Kuhusu ulazima wenyewe, maana najua kuna watu wanaona ni njia ya kuchukua hela. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 inalazimisha ukaguzi kwa trela nzito tu, zaidi ya tani 3 na nusu, zile ndogo kila nchi inajiamulia. Ndo maana Ujerumani na Hispania karavani linakaguliwa, Uholanzi na Ufaransa la chini ya uzito huo halikaguliwi. Mwezi wa saba yote yako njia moja kuelekea baharini, lililokaguliwa na ambalo halijafunguliwa ngoma tangu litoke kiwandani. Uingereza nako hamna. Januari 2014 pale Bristol trela la tani mbili lilichomoka kwenye gari likapanda njia ya waenda kwa miguu, likamuua mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa anatembea na mama yake. Familia ilipigana miaka, bunge likapitisha sheria mwaka 2018 iliyoitaka serikali iandae ripoti kuhusu ajali za trela, na bado karavani na trela ndogo kule hazina ukaguzi wa lazima. Nasoma hoja kwamba ajali za namna hii ni chache. Mi nimesimama kwenye shimo nikaona breki iliyoganda chini ya karavani lililopigiwa pasi mapazia, na babu aliyetuuzia alikuwa muungwana kabisa, hakuficha kitu, hakujua tu kwasababu breki ya karavani huihisi mguuni. Bila mtu mwenye roli na tochi ungejua lini? Utajua kwenye mteremko.

Wengine wanasema basi watu wajipeleke kwa hiari. Nani anaenda kwa hiari na kitu anachokitumia wiki tatu kwa mwaka.

Kwa hiyo nyota 4 kati ya 5. Mkaguzi angepata 5 na nusu, nyota moja nimeitoa kwa ajili ya dirishani na ile ripoti. Mkienda, gari mnalotumia kuvutia ndo mje nalo hilohilo ili aone na mpira wa ndoano na plagi, mje na kadi ya usajili, na kama karavani lina vifaa vilivyoongezwa baadaye mje na karatasi za vibali vyake. Msisafishe tu nje, futeni na namba ya chesisi isomeke. Na pangeni miadi Januari au Februari, mafundi wana nafasi na shuu zinapatikana. Mwezi wa tatu makambi yakianza kufunguliwa kila mtu anakumbuka karavani lake kwa wakati mmoja na ule mwezi wa marekebisho unaisha fundi hajakushika.